Maisha ya Meja Dhyan Chand, Bingwa wa Mpira wa Magongo

Kamati ya uhariri ilipotuomba tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, tulifahamu kwamba wenzetu wamekwisha kuandika habari za Mahatma Gandhi na za watakatifu wetu, tena wameandika vizuri kuliko tuwezavyo sisi watu wa duka na mizani. Basi tumemchagua askari ambaye silaha yake iliyojulikana duniani ilikuwa mti uliopinda ncha.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo, ambao wengi huuita hoki. (Gongo tunalolitaja si lile linalochemshwa vichakani, majirani watatusamehe kwa kuliweka wazi jambo hili mapema.) Timu mbili za wachezaji kumi na mmoja hugombea mpira mdogo mgumu. Gongo la kila mchezaji lina uso mmoja bapa na mgongo wa mviringo, na ni uso bapa peke yake unaoruhusiwa kuupiga mpira. Bao halihesabiwi isipokuwa mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya duara lililochorwa mbele ya goli. Mengine tutayaeleza yatakapohitajika.

Tunayo sababu ya kumchagua mtu huyu. Jioni, duka likisha kufungwa, sisi hupenda kuwatazama vijana wakicheza kandanda katika viwanja vya vumbi jekundu vya hapa kwetu, watoto wa Kiiraqw, wa Kimasai, wa Kichaga na wetu sisi wakiwa wamechanganyika. Kila apataye mpira hutaka awapite wote peke yake. Asipopita hunyang'anywa, na lawama huanza. Akimpita mmoja au wawili hushangiliwa na kuitwa mchawi. Dhyan Chand naye aliitwa mchawi, tena na mataifa. Tumesoma habari zake kwa miaka mingi, na maoni yetu ni kwamba jina hilo lilimpunja. Yeye alimwelewa vyema mwanadamu aliyesimama mbele yake, na alimwelewa vyema zaidi yule aliyekimbia kando yake.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1905 mjini Allahabad, ambao siku hizi huitwa Prayagraj, katika familia ya Kirajput. Jina alilopewa lilikuwa Dhyan Singh. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Waingereza nchini India, na kama ilivyo kwa watoto wa askari popote, familia ilihamahama kufuata kambi mpaka ilipopata makao Jhansi. Kwa sababu hiyo masomo yake yalikatika baada ya miaka sita tu. Utotoni alipenda mieleka, na magongo hayakumshughulisha. Wasimulizi wengi huipita habari hii haraka, lakini sisi tunaona mieleka haikuwa hasara kwake. Mtoto anayeshikana mieleka hujifunza kuhisi uzito wa mwenzake umeegemea wapi, na elimu hiyo haisahauliki.

Siku aliyotimiza miaka 17, yaani tarehe 29 Agosti 1922, aliandikishwa jeshini akiwa askari wa cheo cha chini kabisa. Huko ndiko alikofundishwa magongo. Zamu za mchana zilimnyima nafasi, kwa hiyo alifanya mazoezi usiku, mwezi ukiwa umewaka, kwa kuwa uwanja haukuwa na taa. Wenzake wakamwita Chand, neno la Kihindi lenye maana ya mwezi, na jina hilo likashika hata lile la Singh likasahauliwa.

Hapa inatupasa kusimama kidogo, kwa kuwa tusipoeleza kinachotokea baina ya mwenye mpira na anayemzuia, sifa za mtu huyu zitabaki kuwa hesabu ya mabao tu.

Mshambuliaji anapokabiliana na beki mmoja, mtazamaji hudhani anaona watu wawili wakipingana. Kwa kweli anaona watu wawili wakifuatana. Mwenye mpira akielekea upande mmoja, beki huelekea upande huohuo. Akipunguza mwendo, beki hupunguza. Akisogea, beki hurudi hatua kwa hatua huku akiifunga njia ya goli. Sisi tuliokulia katika usiku wa Navratri tunalijua jambo hili kwa miguu yetu. Wachezaji wawili wa dandiya hukabiliana na vijiti vyao, hakuna anayeamuru, lakini mmoja akiinamia huku mwenzake huwa amekwisha kufika. Tofauti ni kwamba katika dandiya wote wawili wanataka mlingano udumu mpaka ngoma iishe, ilhali uwanjani mmoja wao anatafuta nafasi ya kuuvunja.

Beki, ajapoonekana kuwa ndiye anayeonewa, ndiye anayefaidika na mlingano. Kila nukta inayopita bila jambo kutokea humletea msaada, kwa maana wenzake wanarudi mbio nyuma ya mshambuliaji. Beki mwerevu kwa hiyo haparamii. Huweka gongo lake chini na macho yake kwenye mpira, wala si kwenye mabega ya mshambuliaji, kwani mabega husema uongo. Husimama kiupandeupande ili aweze kugeuka upesi. Tena humwelekeza mshambuliaji, pasipo huyo kujua, upande ambao yeye beki ana nguvu, yaani mkono wake wa kulia, au humsukumia pembezoni ambako mstari wa uwanja humsaidia kukaba. Mkono wake wa kushoto ndio udhaifu wake. Ili auzuie mpira upande huo hana budi kuligeuza gongo, na kufumba na kufumbua mtu amekwisha kupita.

Mshambuliaji naye anangoja kitu kimoja: ile nukta ambayo uzito wa beki umelala juu ya mguu mmoja. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kubadili upande mpaka mguu wa pili utue. Chenga huwa na faida hapo tu. Ikipigwa mapema, beki ana nafasi ya kujirekebisha. Ikicheleweshwa, mpira umekwisha kufika kwenye gongo lake. Waliopata kumwona duma akimfukuza swala tomi katika nyanda za Ndutu, ndani ya Hifadhi yetu ya Ngorongoro, wataelewa. Swala hakati kona kali duma akiwa mbali. Humwacha akaribie hata watazamaji walio garini hufumba macho, kisha hugeuka, na duma hupitilizwa na kasi yake mwenyewe. Wataalamu wa siku hizi, wanaopima mienendo ya wachezaji kwa kamera, wameona jambo lilelile katika michezo ya timu. Wawili wakiwa mbalimbali hufuatana kwa utulivu; wakisha kuingia katika umbali fulani wa karibu, utulivu hauwezekani tena, na ama mmoja hupita ama hunyang'anywa.

Dhyan Chand hakupimwa na kamera yoyote, lakini mikono yake ilijua. Mpira ulikaa karibu na gongo lake kiasi kwamba watu walishuku kuna gundi. Zipo hadithi kwamba Ulaya walilipasua gongo lake kutafuta sumaku, na nyingine kwamba Hitler alimwahidi cheo katika jeshi lake. Tumezitaja kwa sababu wasomaji watatuuliza. Ushahidi wake hatujauona, na maisha yake hayazihitaji.

Jambo alilowazidi wengine ni hili. Beki akisha kuvutwa kumwelekea yeye, pale alipotoka beki pamebaki wazi. Wachezaji wengi hupaona mahali hapo na kutaka wapaingie wenyewe. Dhyan Chand alimvuta beki, akamngoja mpaka ainue mguu, kisha akaupeleka mpira mahali hapo kwa mwenzake. Kwa lugha yetu ya sokoni, chenga ilikuwa bei ya kufungulia mazungumzo, na biashara yenyewe ilikuwa pasi. Siku zile ilitakiwa pia usahihi mkubwa wa wakati, kwa kuwa sheria ya kuotea, ambayo leo imefutwa kabisa katika magongo, ilikuwa ikitumika. Mwenzake hakuruhusiwa kumsubiri nyuma ya mabeki. Ilimbidi aanze kukimbia mpira unapotoka, wala si kabla. Watu wawili walikuwa lazima wasome mguu wa mtu wa tatu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1926 jeshi lilimruhusu kwenda New Zealand, na timu ikashinda michezo 18, ikatoka sare miwili, ikapoteza mmoja. Miaka miwili baadaye India ilipeleka timu ya magongo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam kwa mara ya kwanza. Inasimuliwa kwamba waliokuja bandarini Bombay kuiaga walikuwa watu watatu tu. Timu hiyo ilicheza michezo mitano, ikafunga mabao 29, na haikufungwa hata moja. Katika hayo, 14 yalikuwa yake. Iliporudi, bandari ilifurika watu. Sisi tulio katika biashara tunaitambua hali hiyo: unapoanza huonwi, na ukifanikiwa kila mtu alikujua tangu zamani.

Los Angeles, mwaka 1932, timu zilikuwa tatu tu kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani. India iliifunga Japani 11 kwa 1 na Marekani 24 kwa 1. Ushindi wa namna hiyo hauna mengi ya kufundisha, ila kwa jambo moja. Mdogo wake, Roop Singh, alikuwa amejiunga na timu akicheza kushoto kwake, na katika mabao 35 ya michezo ile miwili, ndugu hao wawili walifunga 25, mdogo akimzidi mkubwa kwa bao moja. Wangapi kati yetu tungefurahi kuzidiwa na mdogo wetu mbele ya ulimwengu? Hakuna habari inayoonyesha kwamba Dhyan Chand alikereka. Pasi nyingi zilitoka kwake.

Berlin, mwaka 1936, ndiyo habari kubwa. Sasa alikuwa nahodha. Katika mchezo wa kirafiki kabla ya mashindano, Wajerumani waliifunga India 4 kwa 1, na nahodha hakulala usingizi mzuri. Aliona kosa liko wapi: upande wake wa kulia hapakuwa na mtu wa kuelewana naye. Beki anayejua kwamba pasi itakwenda kushoto peke yake amepunguziwa nusu ya kazi. Wakaomba India iwapelekee Ali Dara, mchezaji Mwislamu aliyekuwa akimfahamu, naye akaletwa kwa ndege akawahi nusu fainali. Ufaransa ilifungwa mabao 10.

Fainali iliahirishwa siku moja kwa sababu ya mvua, ikachezwa tarehe 15 Agosti 1936 kwenye nyasi zilizolowa. Kabla ya kutoka, wachezaji walikusanyika chumbani mbele ya bendera ya rangi tatu ya chama cha Congress, kwa siri, maana rasmi walikuwa chini ya bendera ya mkoloni. Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu, bao moja tu. Ardhi ikiteleza, mshambuliaji ndiye anayepata hasara kubwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haja ya kugeuka ghafla. Inasimuliwa kwamba Dhyan Chand alivua viatu vyake vya njumu na soksi ili ardhi aisikie, akaendelea hivyo. Mchezo uliisha 8 kwa 1. Wasimulizi wengine huongeza kwamba aligongana na golikipa wa Ujerumani akang'oka jino, na aliporudi kutoka kwa daktari aliwaelekeza wenzake waupeleke mpira mpaka kwenye duara kisha waurudishe nyuma bila kufunga, mara kadhaa, ili wapinzani wajue ni nani anayeamua. Kama ni kweli, basi siku hiyo hata hasira yake aliionyesha kwa pasi.

Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe ileile ya 15 Agosti, India ikawa huru, na ikawa imegawanyika. Ali Dara alibaki upande wa Pakistani, akawa nahodha wa timu ya huko. Wale wawili waliosoma mguu wa beki mmoja kwa pamoja sasa walikuwa raia wa nchi mbili zilizokuwa zikimwaga damu mpakani. Hatupendi kulipita jambo hili kimya, kwa kuwa wazee wetu waliokuwa Afrika Mashariki walizisikia habari hizo kwa redio na magazeti wakiwa majirani wa Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wagoa katika mtaa mmoja.

Na katika wakati huohuo ndipo alipofika huku kwetu. Chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki kilikuwa kimeialika timu ya India, kwa sharti kwamba Dhyan Chand awemo. Alikuwa na umri wa miaka 42 na alikuwa amekwisha kupunguza kucheza. Timu ilikusanyika Bombay tarehe 23 Novemba 1947 na kufika Mombasa tarehe 15 Desemba, yeye akiwa nahodha. Kasi ya miguu ilikuwa imepungua, lakini katika michezo 22 alifunga mabao 61. Katika timu hiyo alikuwamo K. D. Singh, aliyejulikana kwa jina la Babu.

Marehemu mzee wetu mmoja, aliyekuwa kijana wa kazi katika duka la vitambaa Mombasa, alizoea kutusimulia mchezo mmoja aliouona. Cha ajabu ni kwamba hakukumbuka bao hata moja. Alichokumbuka ni beki mmoja wa timu ya wenyeji, mtu mwenye nguvu na mbio, aliyerudi nyuma kwa utaratibu mzuri kama inavyotakiwa, Dhyan Chand akimfuata kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Walisogea hivyo mpaka karibu na duara. Hakukuwa na chenga iliyoonekana. Beki alinyanyua kisigino tu, na mpira ukawa umekwisha kwenda kwa mtu mwingine. Mzee alisema, kwa namna yake, kwamba yule beki hakukosea popote, na kwamba hilo ndilo lililomfanya aonewe huruma na uwanja mzima. Nasi tulipokuwa watoto tulichukizwa na hadithi isiyo na bao. Sasa twaiona ndiyo bora kuliko zote.

Inafanana na nyingine inayosimuliwa juu yake na huyo Babu. Dhyan Chand akiwa na goli mbele yake, alimpa Babu mpira, akageuka na kuanza kutembea kurudi kwenye nusu yake kabla Babu hajapiga. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ambaye hangefunga kwa pasi ile hakustahili kuwamo katika timu yake. Wengine husikia majivuno katika jibu hilo. Sisi husikia imani, ijapokuwa imani yenye ukali wa kijeshi.

Aliporudi kwao mwanzoni mwa mwaka 1948 aliacha taratibu michezo mikubwa. Mwaka 1956 alistaafu jeshini, na mwaka huohuo serikali ilimpa nishani ya Padma Bhushan. Alifundisha kwa muda katika taasisi ya taifa ya michezo huko Patiala, kisha akakaa Jhansi. Mwanawe, Ashok Kumar, alifunga bao lililoipa India ubingwa wa Kombe la Dunia dhidi ya Pakistani mwaka 1975, huko Kuala Lumpur, na mzee alilishuhudia jambo hilo akiwa hai.

Lakini miaka yake ya mwisho ilikuwa ya dhiki. Fedha zilikuwa chache, na wale waliojaa bandarini mwaka 1928 hawakuonekana. Alipougua kansa ya ini alipelekwa hospitalini Delhi akalazwa katika wodi ya watu wote. Alifariki tarehe 3 Desemba 1979. Mwili wake ulirudishwa Jhansi ukachomwa kwa heshima za kijeshi, katika uwanja aliouzoea. Leo siku yake ya kuzaliwa ni Siku ya Taifa ya Michezo nchini India, na uwanja mkubwa wa magongo wa Delhi una jina lake. Heshima hizo zilikuja akiwa amekwisha kuwa majivu, na hatuoni haya kusema kwamba zilichelewa.

Miezi minane baada ya kifo chake ikaja Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Nchi nyingi zilisusia, na nafasi ikapatikana kwa timu ya magongo ya Tanzania. Walikwenda vijana wa asili mbalimbali, wa Kiafrika, wa Kigoa, wa Kisingasinga na wengineo, wote wakiwa wamevaa rangi za nchi yetu. Mwezi wa Julai 1980 walikutana na India, ambayo baadaye ilitwaa dhahabu. Watanzania wengi wanazikumbuka Olimpiki zile kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na ni haki yao. Sisi, tuliokuwa vijana wakati huo, tunaukumbuka mchezo mwingine. Nyumbani mwetu ilikuwamo picha ya Dhyan Chand iliyokatwa kutoka gazetini, na matokeo yalipofika, India 18, Tanzania 0, mtu mmoja wa rika letu alitaka kupiga makofi. Yule mzee wa Mombasa alimtazama, akamwambia akae chini. Kisha akauliza, pasipo kumlenga mtu yeyote, nani alikuwa beki wetu siku hiyo.